Aliyemwozesha Nasriya

Matrah, Maskati
17 Oktoba 1970

Mpendwa Dada Bakhita,

Assalaam alaikum. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na wanao huko Mombasa. Goti lako linaendeleaje? Mafuta niliyompa jirani yetu Muhsina akuletee yamekufaa? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila joto bado halijataka kutuaga.

Nianze na la furaha. Nasriya, binti wa marehemu kaka yetu Suud, ameolewa na Aflah, yule fundi wa umeme. Ndoa ilifungwa siku ya kumi ya mwezi wa Shaabani. Najua umeshtuka kuiona tarehe hiyo. Ameichagua mwenyewe.

Unakumbuka bibi yetu Mahbuba alivyokuwa akipika bokoboko kila mwezi kumi Shaabani, kuikumbuka siku aliyopewa hati yake ya uhuru. Majirani wote walialikwa, lakini wa kwanza kula alikuwa yeye, tena amekaa kitako juu ya mkeka, kwa sababu nyumbani kwa mabwana zake alikula wa mwisho, wima, jikoni. Sisi watoto tulinung'unika, njaa inatuuma.

Mwaka jana nilikuandikia uache kuiadhimisha siku hiyo huko Mombasa, tusijifukue mbele za watu. Ukanijibu kwa neno moja tu: mwacha asili ni mtumwa. Nilikasirika, dada. Miezi mitatu sikukuandikia.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Wajua kwamba tangu enzi za babu, mabinti wa kwetu huozeshwa na mkubwa wa nyumba ya akina Bwana Harub, ambao wazee wao ndio waliommiliki Bibi. Mwaka huu imetangazwa hapa kuwa utumwa haupo tena, na sisi hati tunayo tangu zamani. Pamoja na hayo, sheikh alipouliza walii wa bibi harusi ni nani, mimi, ami yake wa damu, niliinamisha kichwa nikamwonyesha Bwana Harub. Hakunilazimisha mtu. Mazoea yana taabu.

Bwana Harub alikwisha kunyoosha mkono kumshika bwana harusi. Hapo Nasriya akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Sheikh, ami yangu yuhai, kakaa hapo hapo. Wa kunioza ni yeye."

Nilitamani mkeka unimeze. Sheikh akanigeukia, akasema mbele ya wote kwamba mtoto ana haki, walii ni ami wa damu. Bwana Harub akaurudisha mkono wake polepole, akanipisha. Mzee wa watu nilimwonea huruma, maana naye alifundishwa hivyo kama nilivyofundishwa mimi. Niliushika mkono wa Aflah nikaozesha, machozi yananitoka nisijue pa kuyaficha.

Redioni husikia kwamba weusi wa Marekani, miaka mia na zaidi tangu waachwe huru, bado wanaandamana. Nilikuwa nikijiuliza wanataka nini tena. Sasa nimewaelewa. Hati wanayo, kama Bibi, lakini kwenye kila mlango bado wanaulizwa wameletwa na nani. Wao wamefungiwa na wengine. Mimi mlango wangu nilijifungia mwenyewe, na mtoto wa kike ndiye aliyeufungua.

Chakula kilipoletwa niliinuka kuwagawia wageni, ndiyo kazi yangu ya siku zote kwenye shughuli za watu. Kheiria, mama yake Nasriya, akaja kunishika kanzu, akaniambia: "Bibi harusi anasema ukae, shemeji, na wageni wanakungoja wewe uanze kula." Kwenye sinia mlikuwa na bokoboko.

Nisamehe kwa barua ile ya mwaka jana. Shaabani ijayo pika, waite majirani, na wanao wakiuliza, waambie yote bila kuficha.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Shaikha, mke wangu, anakusalimu sana, na Nasriya anakubusu mikono. Mungu akupe afya, alitie nguvu goti lako, atukutanishe kabla ya uzee kutuzidi.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, niliyekula wa kwanza, nimekaa,

Thani