Mfereji wa Machibya

Bariadi, 5 Oktoba 1997

Ng'wanawane Salvatory,

Mwangaluka. Habari za Mwanza na kazi yako ya kununua pamba? Mimi mzima, ni magoti tu. Ng'ombe ndio wamekonda, tangu ulipokuja kulima pamba kwenye ngitili ya marehemu baba yako, pale mlimani tulipowatunzia majani ya kiangazi.

Sasa jirani yetu Machibya anachimba mfereji juu ya nyumba yangu. Eti majani yameisha mlimani, mvua itashuka yote mlangoni kwangu. Tangu lini Machibya akanihurumia? Mwaka juzi tuligombania fahali hadi kwa mtendaji. Nahisi anasogeza mpaka. Nifanyeje?

Mayu wako

Mwanza, 19 Oktoba 1997

Mayu,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi sijambo.

Huyo mzee usimwamini hata kidogo. Siku hizi za soko huria kila mtu anakitolea macho kiwanja cha barabarani. Fukia mfereji, upande minyaa juu yake ili mpaka ujulikane.

Kampuni yetu bado inatafuta mahali pa kujenga ghala huko. Ukiichoka nyumba hiyo, chumba chako kipo hapa.

Mwanao Salvatory

Bariadi, 2 Novemba 1997

Ng'wanawane,

Mwangaluka. Nimefukia, na minyaa nimepanda. Machibya alisimama akaniangalia, akasema, "Mayu Salvatory, mvua haina undugu na mtu." Nikamjibu mpaka nao hauna.

Nyumba siuzi. Baba yako amelala hapa uani, nitamwachia nani?

Mayu wako

Bariadi, 11 Januari 1998

Salvatory,

Habari za siku nyingi. Mimi ni mzima, ila sina nyumba.

Maji yalishuka na tope la shamba lako. Yalipofika kwenye minyaa yetu hayakuwa na pa kupita, yakaingia ndani. Ukuta wa jikoni ulianguka, wa chumbani ukafuata. Machibya alinitoa kwa kunibeba mgongoni, na uzee wake wote. Nalala kwao, mkewe Milembe ananikanda magoti. Nimemwomba Machibya radhi mbele ya majirani, na aibu bado inaniuma.

Juzi amekuja tajiri wa kampuni yako. Hata pole hakutoa, akaulizia kiwanja cha nyumba iliyoanguka. Nikamuuliza amejuaje. Akasema wewe ulimwambia tangu Oktoba avute subira, mvua zikipita mama atakubali.

Nimemwonyesha njia aliyojia.

Mfereji tumeuchimba upya, mimi, Machibya na Milembe. Pamba yako changa nimeifungulia ng'ombe, wamemaliza. Majani yatarudi yenyewe, ngitili ni ngitili. Nilikuwa namvizia mwizi mpakani, kumbe ndiye niliyekuwa nikimwandikia.

Ukija, njoo na jembe. Kaburi la baba yako limejaa tope, na hilo nimekataa Machibya asiliguse. Ni kazi ya mwanawe.

Nyanjige, mjane wa Ngassa