Donne Makumi Mbili za Kutuma Kisangani

Siku ya kwanza, 4 mars 2024

Président wa cercle yetu, Hubert, alikuja hapa kwangu, mu quartier Rwambuzi, asubui, na cravate shingoni, sawa vile angali inspecteur wa masomo. Retraite yake ya kazi ina miaka kumi na moja! Akaweka cahier juu ya meza. Donne makumi mbili za cercle yetu ya bridge, ule muchezo wa karata, zote kwa mukono wangu: nani alipewa karata gani, nani alitupa nini, moja kwa moja. Sasa Kisangani banafanya tournoi, mashindano. Kila cercle itume donne zake mu faili ya PBN, ile computer inaweza kuzicheza tena, baone kama tunajua muchezo. Mwisho ni siku ya ine. Computer ikikataa faili, hatuendi.

"Computer ni yako, basi kazi ni ya weye." Hubert njo alisema vile. Logique ya inspecteur.

Na mimi nataka kwenda, sitaficha. Miaka makumi tatu na tano tunacheza siye kwa siye, batu munane, meza mbili. Najua hata namna Hubert anapumua akiwa na karata ya as.

Siku ya pili, 5 mars

Niliandika donne zote mu Excel. PBN inataka roi iitwe K, dame Q, valet J. Nikageuza. Courant ikakatika, yote ikapotea. Nikageuza tena.

Hubert alipiga simu mara tano, anauliza kama conversion inaendelea na dignité, kwa heshima. Sijui ile ni nini. Nikajibu: ndiyo, Président.

Siku ya tatu, 6 mars

Computer inakataa! Donne ya kwanza: Nord (viti vine vya meza vinaitwa Nord, Est, Sud, Ouest) anatupa karata, kiisha Ouest — programme inasimama, inaandika kwa rangi nyekundu: si zamu ya Ouest, ni ya Est. Donne ya pili, vilevile. Zote makumi mbili!

Nilimuita Hubert. Aliangalia écran kwa miwani, kiisha juu ya miwani, kiisha bila miwani. Akasema machine inaegemea upande wa bazungu. Akaamuru nizime, niwashe tena. Nikazima, nikawasha. Machine ingali muzungu.

Alipotoka nikajaribu kitu. Karata za Est nikazipeleka kwa Ouest, za Ouest kwa Est. Donne zote zikapita! Zikajicheza zenyewe kwa écran, safi, nikapiga makofi peke yangu. Kiisha nikafungua sheria ya bridge kwa internet.

Mama yoo! Dunia yote, ukisha kutupa karata, zamu inaenda kwa jirani wa kushoto. Siye tunapeleka kuume. Miaka makumi tatu na tano tunazunguka kinyume! Njo maana Frère Didier, ule muzungu wa mission alikuja mara moja tu, akacheza donne moja, akasema malaria imemushika. Malaria gani! Malaria ilikuwa siye.

Hubert nikamuambia tu: imepita.

Siku ya ine, 7 mars

Nilituma faili. Hubert akatangaza kwa WhatsApp ya cercle: matunda ya supervision yake. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Lakini kicheko haikukaa. Papa yangu Lucien, Mungu amupumzishe, njo alitufundisha sote. Alikuwa boy wa bar kwa cercle ya bazungu ba mines, kule Bambu. Na papa hakukuwa mutu wa kukosea karata.

Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Nikamuuliza: papa alijifunza bridge namna gani, alikaa na bale bazungu kwa meza?

Akanitazama sawa vile niko mutu mujinga.

"Kukaa? Hata kubaangalia alikatazwa! Boy anapa bazungu mugongo, anapanguza verre. Miaka tisa. Alikuwa anabaona ndani ya kioo, ile kubwa nyuma ya machupa. Akirudi ananiambia: Véro, leo madame wa directeur alitupa roi bure. Tunacheka, weye!"

Kioo.

Nikaenda kusimama inje mu cour, nikalia, naandika wazi. Papa hakukosea kitu. Alifundisha vile aliona mu kioo: kushoto yabo ikawa kuume.

Siku ya tano, 8 mars

Journée ya femme, siku ya banamuke. Tulivaa pagne. Hubert akatoa discours ndefu juu ya heshima ya mwanamuke, kiisha akatuma mimi na Micheline tulete sucré za kunywa.

Na jibu ikafika! Monsieur Adrien, organisateur wa Kisangani, anasema faili yetu njo safi kuliko zote. Tumekubaliwa, safari ni siku ya ine ya juma inakuja. Hubert akakumbatia kila mutu, akakumbatia na computer.

Micheline, partenaire wangu, njo peke yake aliona sicheki. Nikamuelezea nyuma ya nyumba. Akashika kichwa.

"Prudence! Faili uligeuza. Hubert utamugeuza namna gani?"

Siku ya posho, 9 mars

Nilibaambia bote ba cercle. Tulikuwa saba, Ephraïm, wa munane, iko na homa. Nikaonyesha kwa écran: donne vile iko mu cahier, inakataa. Ile niligeuza, inapita. Nikabaambia na kioo.

Makelele! Micheline akasema siku ine zinatosha, tujifunze kushoto. Tukajaribu palepale. Haya! Batu batatu banatupa karata mara moja, mwingine anangoja zamu ile ilishapita. Mikono haisikii.

Hubert akasimama. Nikangoja discours. Akasema polepole:

"Nilifika Bambu sijui mutu. Papa yako akanikalisha kuume kwake. Leo nikae wapi?"

Sikujua atasema vile. Lakini inspecteur akarudi mbio: tupige kura! Tuandikie Kisangani, cercle zote bazunguke kama siye!

"Batatucheka mpaka Kinshasa," Micheline akasema. "Na batatufuta."

Tatu kwa tatu. Bote bananiangalia. Juma muzima namucheka Hubert mu hii cahier, na Kisangani naitaka kuliko bote. Nikainua mukono — kwa Hubert.

Micheline akaondoka bila kuaga.

Siku ya yenga, 10 mars

Hubert anasema, mimi naandika kwa computer. "Tunaomba kwa heshima…" Anataka niongeze "kufuatana na desturi ya Bambu". Nimeongeza. Anataka pia "machine itubu". Nimekataa.

Ni ujinga, najua. Lakini papa alikaza shingo mbele ya kioo miaka tisa. Bale bazunguke kuume siku mbili, itabaua?

Barua haijaenda. Hubert anasema tusali kwanza. Simu inalia katikati ya sala — Monsieur Adrien! Furaha tupu. Anaandika programme ya tournoi, anataka kuweka jina ya ule alitufundisha kucheza safi vile. Nimemupa: Lucien, wa Bambu. Nasikia anaandika.

Sasa anauliza, ule muzee, kule Bambu, alikuwa anakaa kwa meza ya nani?

Papa hakuwa na meza. Nimemuambia angoje kidogo. Hubert amefunika uso kwa mikono. Simu iko wazi hapa pembeni ya cahier, Adrien anasema allô, allô.