Ubao wa Majina

Ijumaa, Machi 1980

Na mimi miaka yote nikimlaumu Hassan kwamba aliupasua ubao wa majina wa klabu, uliopotea uwanjani, akafanya kuni.

Leo tumemwosha Mzee Jama, mwanzilishi wa klabu yetu ya kriketi. Tulipogeuza ubao wa msikiti wa kuoshea maiti ili tuusuuze, tukaona majina upande wa chini. Wanachama wetu waliokufa vitani Burma, wote.

"Tuliuokota uwanjani," imamu akasema. "Mbao nzuri, ungeozea pale."

Baba ni wa tatu.

Kesho nimwombe Hassan msamaha. Ataringa, najua, lakini...

Mama alikufa akilia kwamba Baba hakuna aliyemwosha huko Burma. Kumbe kila msiba hapa mtaani, maji ya kuoshea maiti yalikuwa yanalifikia jina lake.