Kompyuta Iliyoibwa Karakana ya Miguu Bandia

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: anajulikana kazini kama Fundi Plasta (jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa miguu bandia
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha matofali

Ninafanya kazi karakana moja na mke wangu. Yeye ni mpokezi na ndiye anayetunza vipimo vya wagonjwa.

Mnamo Jumamosi, saa nne asubuhi, kijana tunayemwita Mtaalamu alikuja kuweka programu ya hifadhidata, ili vipimo vitoke makabatini viingie kwenye kompyuta. Alikaa na mke wangu kiti kwa kiti. Meza yangu iko nyuma ya ukuta wa mbao. Nilisikia kila neno.

“Shemeji, faili la data usiliache pale programu ilipolitupa. Tunalihamishia folda hii, tunalifunga kwa nenosiri, na kila jioni unaondoka na nakala kwenye diski.”

“Nenosiri nikilisahau?”

“Hapo hata mimi niliyelifunga siingii.”

Mke wangu alicheka. Nakitaja kicheko kwa sababu nyumbani sijakisikia muda mrefu. Nilisema kwa sauti, “Mbona miguu yenyewe haina nenosiri?”

Mke wangu akajibu, “Baba Pacha, fanya kazi yako.”

Jana Jumapili, mke wangu aliaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake. Alivaa viatu vipya. Simu aliisahau kwenye chaji, nami nikaichukua kama mtu anayempelekea. Sikwenda kwa shangazi. Nilikwenda anakoishi Mtaalamu, chumba cha chini chenye dirisha la barabarani. Nilifika saa tisa alasiri, nikaketi kwenye benchi la fundi viatu, ng'ambo ya barabara, nikampa kiatu changu.

“Kaka, hiki kizima.”

“Kikague tena.”

Alikikagua mara mbili. Saa kumi alifunga kazi, akaniachia benchi.

Mtaalamu alifua mashati mawili, akayaanika upande mmoja wa dirisha, akalala. Hakuna mwanamke aliyeingia. Niliondoka saa kumi na mbili.

Mlinzi wa karakana anasema kompyuta ilikuwapo alipokwenda kula saa kumi jioni. Aliporudi saa kumi na moja, dirisha lilikuwa limevunjwa na kompyuta haipo. Leo asubuhi mke wangu alitoa diski kwenye mkoba wake. Vipimo vyote vimo, na aliyeiba hawezi kulifungua faili. Hilo halikumtuliza Bosi. Alisema, “Ni huyo kijana. Nani mwingine aliyekuwa anaichezea?”

Mtaalamu alieleza kwamba alikuwa amelala peke yake. Hakuwa na wa kumshuhudia, akachukuliwa na polisi. Mke wangu alimlilia mbele ya watu wote. Nilirudi mezani kwangu, nikachanganya plasta, ikakauka ndani ya ndoo.

Simpendi kijana huyu. Sitaki kumwona tena nyuma ya ule ukuta. Lakini jana, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alikuwa amelala mdomo wazi, nami nilikuwa namtazama.

Nimeyasema haya bila kushurutishwa, na ndiyo yote niliyo nayo.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nilimsomea shahidi maelezo yake, akakiri ni sahihi. Aliuliza kama mkewe atayaona. Nilimjibu kwamba kesi ikifika mahakamani yatasomwa mbele ya wote. Aliitoa simu ya mkewe mfukoni, akaiweka mezani, akatia sahihi.