Jiwe la Mwalimu Umulkheir

Jumanne, 5 Agosti 2025
Nimepigwa CT scan. Kumbe maumivu yote haya ni jiwe! Limo ndani ya figo ya kushoto, kubwa kama kokwa ya tende. Nami nilidhani ni mgongo tu, kwa kukaa mkekani na wanafunzi wa chuo cha Kurani. Maftah alipoiona picha alinishika mkono mbele za watu. Mume wangu huyo — miaka yote hii hajawahi!

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikwenda nimejiandaa kwa kisu. Wasia niliuwaza njiani. Dkt. Lanyero akasoma majibu ya mkojo na damu, akatabasamu. "Mama, jiwe iko kubwa, lakini ni ya asidi. Hii inaweza kuyeyuka. Tujaribu dawa kwanza."
Kuyeyuka! Kama sukari?
Polepole, akasema, miezi. Nikipata homa au mkojo ukiziba, nikimbie hospitali hapo hapo. Maji mengi. Maini na nyama ya kuchoma, muchomo, nipunguze.
Kisha akauliza kama nafunga. Jumatatu na Alhamisi, nikamwambia, tangu usichana. Basi kwa sasa niache. Hilo liliniuma kuliko jiwe.

Jumatatu, 11 Agosti
Maji mchana kweupe, Jumatatu, mbele ya wanafunzi! Aibu. Maftah akaniuliza: mgonjwa kapewa ruhusa na nani? Wewe si ndiye unayewafundisha? Ndiyo, ni mimi. Kufundisha ni rahisi.

Jumapili, 24 Agosti
Vikaratasi vya kupimia mkojo vilikuwa vinabaki njano tu. Leo kijani! Ndivyo daktari anavyotaka — asidi imepungua. Nikamwita Maftah aje aone. Naye anakunywa maji nami, bilauri kwa bilauri, ati kunitia moyo. Tunagombania choo kama wapangaji.

Jumatano, 17 Septemba
Kichomi asubuhi. Hofu. Homa hakuna, alhamdulillahi. Rashidah wa jirani kaleta mizizi kutoka soko la Kalerwe, eti inavunja mawe. Nikampigia daktari: nisichanganye. Nimemshukuru Rashidah, nimeiweka juu ya kabati. Jioni kichomi kimetulia.

Jumatano, 12 Novemba
Naandika hapa hapa hospitali, kwenye benchi. Picha ya pili tayari. Maftah ananong'ona dua. Mlango uko wazi kidogo: Dkt. Lanyero kaziweka picha zote mbili kwenye kompyuta. Anatazama. Moyo wangu!
Amemwita mwenzake. "Njoo uone hii."
Mwenzake kainama, kasogea karibu, anauliza, "Lakini jiwe iko wapi?"
Daktari anacheka — anacheka! Maftah keshasimama. Wanatuita ndani!