Udi kwenye Mabango ya Marehemu

Jumatano, baada ya Isha

Basi nimeyaharibu mwenyewe. Mabango ya marehemu mume wangu, yale ya zamani ya maonyesho ya picha, yaliyopigwa chapa kwa mchoro wa juu ya jiwe, aliyoyakusanya umri wake wote. Kila Ijumaa nikiyafukiza udi kama nilivyokuwa nikifukiza kanzu zake, wadudu wasiyale.

Leo mjukuu wangu Salma kayatandaza kitandani. Weupe wote umegeuka rangi ya chai.

"Bibi, moshi huu hautoki tena."

"Babu yako akiipenda harufu ile."

"Karatasi haiipendi, Bibi."

Kweli tupu, na imeniuma. Ingekuwa mimi, ningefoka. Yeye kanikumbatia. Lakini alipokwenda zake kaondoka na ufunguo wa kabati la mabango, na mimi sikumwambia aniachie.