Asili ya Neno Masindi

Thohoyandou
13 Januari 1997

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimelala ubavu chini, salamu yetu wanawake, kama ulivyonifundisha, japo ni kwenye karatasi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kamusi hii ya sayansi ya watoto wa shule imenichosha. Tumefika kwenye viwavi. Wakubwa walihangaika kutafuta jina la vile vitundu vya ubavuni ambavyo kiwavi hupumulia. Nikawaambia sisi Folovhodwe tunaviita masindi. Mama, walipiga makofi!

Sasa kila neno linataka tahajia, maana na asili. Mawili ya kwanza ninayo. Asili yake nini?

Mwanao, Azwihangwisi

Folovhodwe
2 Februari 1997

Mwanangu Azwi,

Aa! Nimekuitikia. Goti linajua mvua kabla ya mawingu, mengine shwari. Na wewe ule, acha kuishi kwa chai na mkate.

Hilo neno ni la zamani tu, bibi zetu walilikuta. Andika hivyo yaishe. Kwani hamna neno jingine huko, na usomi wenu wote? Na usiwaulize watu wa hapa, wataanza kupiga domo.

Mama yako

Thohoyandou
20 Februari 1997

Mama,

Salamu nyingi, na dawa ya kuchua goti nimempa dereva wa basi akuletee.

Nimeandika kuwa ni neno la wahenga. Mwenzangu mmoja, Nndwamato, akabisha: kwao ni bonde moja na letu, na bibi yake hakulijua. Nikamwambia mbele ya kikao kizima kwamba mama yangu amekamua matumbo ya viwavi wa kitoweo miaka arobaini na hajawahi kudanganya. Kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa Machi.

Mwanao, Azwi

Folovhodwe
16 Machi 1997

Azwi mwanangu,

Uzima upo. Nimechelewa kwa sababu nimechana barua tatu.

Nilikudanganya. Masindi ni mtu. Ni wifi yangu, mke wa mjomba wako, yule aliyerudi kwao Tshipise ukiwa bado unanyonya. Alikuwa na pumu. Unajua tukikamua viwavi porini lazima tutaniane, la sivyo mikono inachoka. Siku hiyo yeye alikuwa nyuma ya miti, firimbi kifuani inasikika mpaka kwetu. Nikainua kiwavi, nikasema, "Jamani, mwoneni Masindi, pua zimehamia mbavuni!" Walicheka mpaka ndoo ikamwagika.

Kesho yake kila aliyeshika kiwavi alisema masindi, hata watoto. Hakurudi porini tena. Msimu uliofuata akahama.

Naona aibu. Na inaniuma zaidi kwamba umenitetea mbele za watu. Litoe hilo neno, au andika ukweli na jina langu.

Mama yako, Nyawasedza

Thohoyandou
23 Machi 1997

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Yako niliisomea chooni, wasinione nikilia. Nimemwomba radhi Nndwamato. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mkuu wetu anasema jina lina mwenyewe: akikubali litabaki na asili yake ya kweli, akikataa litatoka. Nimepewa wiki moja. Nenda Tshipise, Mama, umuulize.

Mwanao, Azwi

Folovhodwe
29 Machi 1997

Mwanangu,

Nimekwenda salama na kurudi salama, nashukuru kwa hilo.

Nilimkuta uani anachambua mboga. Nikalala chini kumsalimu, na nikiwa vilevile, shavu kwenye vumbi, nikamweleza yote ya siku ile. Aliendelea kuchambua. Ubavu ukafa ganzi. Mwishowe akauliza, "Kumbe ni wewe, wifi?"

Nikasema ni mimi.

"Miaka yote nilijua ni Denga."

Denga ni mdogo wake, alikuwa nasi porini siku ile.

"Alilia hapohapo ulipolala, akaapa siyo yeye. Nikamfukuza. Mwaka juzi walimzika. Mimi sikwenda."

Habari ya neno lenu sikuthubutu kuigusa. Alibeba mboga zake akaingia ndani, na hakuniambia niinuke.

Mama yako